Je, duka dogo la mtandaoni linaweza kumudu kumpelekea mteja mzigo bure?

Muuza vikapu, Tabata

Ndugu zangu wafanyabiashara, poleni na majukumu. Nina swali ambalo limenisumbua tangu mwezi Desemba, na nimeona niliulize hapa kwa sababu wengi wenu mmekaa katika biashara za mtandaoni muda mrefu kuliko mimi.

Ninauza vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa. Sina fremu. Duka langu ni ukurasa wa Instagram, simu moja, na chumba kimoja cha nyumba niliyopanga ambacho nimekigeuza kuwa stoo. Kikapu cha ukubwa wa kati ninakiuza shilingi 30,000. Mpaka kinafika mlangoni kwangu kimeshakula 17,000, yaani fedha ninazowalipa wasukaji pamoja na kukisafirisha kutoka Iringa. Karatasi, mfuko na kamba ya kufungia huchukua 1,000, na nikigawanya gharama za matangazo kwa idadi ya oda, kila oda hubeba 2,000. Kwa hiyo kikapu kimoja huniachia 10,000. Usafiri wa kukifikisha kwa mteja nimekuwa nikimwachia mteja mwenyewe tangu nilipoanza. Bodaboda kutoka Tabata hutoza kati ya 3,000 na 8,000 kutegemea mteja anakaa wapi, na wastani wangu ni 5,000.

Tatizo langu nadhani kila muuzaji analijua. Mteja anakipenda kikapu, anauliza rangi, anauliza kama mikono yake ni ya ngozi, tunakubaliana bei, kisha anauliza, "Na kuniletea Mbweni ni shilingi ngapi?" Nikimjibu 7,000, ananyamaza. Hasemi kuwa ni ghali wala haombi nimpunguzie, ananyamaza tu, na nikimkumbusha baada ya siku mbili ninaona ujumbe umesomwa na haukujibiwa. Wakati huohuo kurasa nyingine zinazouza vikapu kama vyangu zimeandika kwa herufi kubwa kwamba usafiri ni bure Dar es Salaam nzima.

Desemba nikasema na mimi nijaribu kwa wiki mbili. Katika wiki mbili zilizotangulia nilikuwa nimeuza vikapu 22, karibu vyote kwa oda za kimoja kimoja. Nilipotangaza usafiri bure zikatoka oda 40. Nilifurahi kupita kiasi; tulikuwa tunafunga mizigo na mdogo wangu mpaka saa sita usiku, sebule nzima imejaa karatasi na mabaki ya kamba. Nilipokaa na daftari ndipo nilipoona hali halisi. Oda 3 zilirudi kwa sababu wateja hawakupokea simu bodaboda alipofika, au walighairi mlangoni, nami nikalipa kwenda na kurudi. Oda 37 zilizopokelewa ziliniachia 5,000 kila moja, jumla 185,000, na nikiondoa 30,000 za mizigo iliyorudi zinabaki 155,000. Kwa vile vikapu 22 vya mwanzo nilikuwa nimebaki na 220,000. Nimefanya kazi karibu mara mbili na nimepata pungufu ya shilingi 65,000.

Ninachoomba kujua ni hiki: je, kuna duka dogo linaloweza kumudu usafiri bure kwa kweli, au wanaoutangaza wameshaongeza bei ya bidhaa? Nikikipandisha kikapu kiwe 35,000 kisha nikaandika kwamba usafiri ni bure, nitakuwa ninamdanganya mteja? Na wateja wangu wa Mwanza, Mbeya na Arusha niwaweke katika fungu gani?

Mhasibu, Dodoma

Dada yangu, kwanza nikupongeze kwa kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe habari umeipata ndani ya wiki mbili. Katika maduka madogo ninayoyatunzia hesabu wapo walioipata baada ya mtaji kwisha, maana kila siku walikuwa wanaona fedha zinaingia kwenye simu na wakaamini kwamba biashara inakwenda vizuri.

Tuanze na hesabu yako. Faida yako kwa kikapu ilikuwa 10,000, na ulipobeba bodaboda ya 5,000 ikakatika katikati, kwa hiyo ulihitaji kuuza vikapu 44 ili tu ubaki pale ulipokuwa, na ukijumlisha hasara ya mizigo iliyorudi ulihitaji 50. Umeuza 37. Mauzo kuongezeka kutoka 22 hadi 37 ni ongezeko kubwa mno ambalo wauzaji wengi wangelitamani, na bado halikutosha. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa: wanapima ofa kwa idadi ya oda wakati oda yenyewe imeshabadilika thamani.

Ulipouliza kuhusu kupandisha bei hadi 35,000, mimi sioni udanganyifu wowote ndani yake. Mteja anaiona bei yote kabla hajalipa, na ana hiari ya kukataa. Shida yake iko mahali pengine. Bodaboda humlipi kwa kikapu, unamlipa kwa safari. Mteja wa Sinza anayenunua vikapu vitatu vya kutoa zawadi harusini atakuwa amelipa 15,000 za usafiri zilizofichwa ndani ya bei, ilhali vikapu vyake vyote vimepanda pikipiki moja kwa safari moja. Jirani yako wa Tabata anayekuja mwenyewe kwa miguu kuchukua kikapu chake atakuwa amelipia bodaboda ambayo hakuiona kabisa. Yaani wateja wanaokugharimu kidogo ndio utakaowatoza zaidi, ili kumbebea yule wa mbali anayenunua kimoja. Baada ya muda wale wazuri wataondoka, nawe utabaki na wale wanaokula faida yako yote.

Kwa hiyo usafiri bure usiuweke kwenye kikapu, uweke kwenye oda. Tazama namba zako mwenyewe. Kikapu kimoja, ukiondoa 17,000 na 1,000 za kufungia, kinabakisha 12,000. Vikapu viwili vinabakisha 24,000. Ondoa tangazo 2,000, kwa sababu tangazo limemleta mteja mmoja na si wawili, na ondoa bodaboda 5,000, unabaki na 17,000. Vikapu vitatu vinabakisha 36,000, na hata bodaboda akikutoza 6,000 kwa sababu mzigo umekuwa mkubwa, mkononi zinabaki 28,000. Linganisha na zile 10,000 za mteja wa kikapu kimoja anayejilipia usafiri mwenyewe. Ukitangaza kwamba oda ya kuanzia shilingi 60,000 inapelekwa bure ndani ya Dar es Salaam, unautoa usafiri katika oda ambayo inaweza kuulipia, na anayetaka kikapu kimoja bado ana haki ya kukinunua kwa kujilipia.

Utaratibu huu hata matajiri wameupitia. Mwaka 2002 Amazon ya Marekani ilianza kupeleka mizigo bure kwa oda za kuanzia dola 99, na ndani ya mwaka huohuo ikashuka hadi 49, kisha 25. Kampuni yenye mtaji wa namna ile ilianza na kiwango cha juu na ikakipunguza kwa hatua, ikijifunza njiani. Mpango wao wa Prime, ulioanza mwaka 2005, ulimtaka mteja alipe dola 79 kwa mwaka kabla ya kupelekewa chochote "bure". Na soko la Etsy, ambalo wauzaji wake wengi ni watu wa kazi za mikono kama wasukaji wako, mwaka 2019 lilianza kuwapa kipaumbele katika matokeo ya utafutaji wale waliowapelekea wateja wa Marekani bure kwa oda za kuanzia dola 35. Hata huko, kilichowekwa ni kiwango cha oda.

Jambo la mwisho linahusu kodi, na huwa linasahaulika. Kama unalipa kodi ya mapato kwa utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, kodi hiyo inapimwa kwa mauzo yako, haipimwi kwa faida. Mteja akimlipa bodaboda yeye mwenyewe, fedha hiyo si mauzo yako. Ukiiingiza ndani ya bei ya kikapu, 5,000 hizo zinahesabika kuwa mauzo yako ingawa jioni hiyohiyo umemkabidhi mwenye pikipiki. Kwa oda moja ni kiasi kidogo, lakini kwa mwaka mzima kinaweza kukusogeza kwenye daraja jingine la malipo.

Mnunuzi na muuzaji, Mwanza

Mimi ninauza vyombo vya nyumbani, lakini leo ninataka kuzungumza zaidi kama mnunuzi wa mikoani, kwa sababu tunasahaulika sana katika mijadala ya namna hii. Mtu akiandika "usafiri bure" huwa anamaanisha Dar es Salaam, nasi wa huku tunasoma mpaka mwisho wa tangazo ndipo tunagundua kwamba hatumo.

Dada, sidhani kwamba wateja wako wananyamaza kwa sababu ya zile 7,000 peke yake. Wananyamaza kwa sababu walikuwa wameshajenga bei moja kichwani, 30,000, wakaikubali, wakaanza kukiona kikapu kiko sebuleni kwao, kisha dakika ya mwisho ukawatajia bei ya pili. Mimi mwenyewe nimeacha kununua vitu ambavyo fedha yake nilikuwa nayo, kwa sababu tu gharama ya kuniletea iliibuka mwishoni na nikajiuliza ni nini kingine kitakachoibuka baada ya kutuma fedha. Kwa mtu anayetuma fedha kwa simu kwa muuzaji asiyemfahamu, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, wasiwasi huo si jambo dogo. Anayetangaza usafiri bure anamwondolea mteja wasiwasi huo kwa neno moja, na nina imani kwamba nusu ya nguvu ya neno "bure" inatokana na hilo.

Kwa hiyo kabla hujatoa senti yako, jaribu kuandika gharama zote mapema. Weka picha moja ya kudumu juu ya ukurasa wako yenye maeneo na bei: Tabata, Buguruni na Ilala bei hii, Sinza na Mwenge bei hii, Mbweni na Bunju bei hii, mikoani kwa basi bei hii. Mteja aijue jumla yake kabla hajakuandikia. Nilipofanya hivyo katika duka langu, maswali yalipungua na walioandika walikuwa wameshaamua kununua.

Kuhusu mizigo ya basi kuna jambo ambalo anayeuza vikapu lazima alijue. Karani wa ofisi ya vifurushi hapimi mzigo kwa mizani. Anautazama, anaukadiria utakaa wapi kwenye buti, kisha anataja bei. Kikapu kimoja kikubwa ambacho uzito wake haufiki hata kilo mbili kinaweza kutozwa sawa na boksi zito la sabuni, kwa sababu kimekula nafasi. Lakini nafasi iliyo ndani ya kikapu ni tupu. Ukiweka kidogo ndani ya cha kati, na cha kati ndani ya kikubwa, ukafunga vizuri, karani ataona mzigo mmoja na atatoza mzigo mmoja. Mwaka jana niliagizia ndugu zangu vikapu vitatu kutoka kwa muuzaji wa huko, akavituma vimefungwa kimoja kimoja kwa mifuko mitatu, nami nikalipa mara tatu. Nilisikitika, kwa sababu ilikuwa ni kazi ya dakika tano tu kuvipanga.

Usisahau pia safari ya kwanza. Kabla mzigo haujapanda basi unatoka Tabata kwenda Shekilango au kituo cha Magufuli kule Mbezi, na hiyo ni bodaboda nyingine. Ukikusanya oda za mikoani na kuzipeleka mara mbili kwa wiki, safari hiyo moja inagawanyika kwa mizigo mitano au sita.

Muuza sabuni na mafuta, Mbagala

Nimesoma yote kwa makini, na naomba nitofautiane kidogo na mhasibu, ingawa hesabu yake ni sahihi. Mimi ninapeleka bure Dar es Salaam nzima, oda ya kiwango chochote, huu ni mwaka wa tatu, na duka langu ni dogo kama la dada. Linaniwezekana kwa sababu mbili ambazo ningependa kuzieleza, maana mtu akiniiga bila kuzijua ataumia.

Ya kwanza ni aina ya bidhaa. Ninauza sabuni za mwani na mafuta ya nazi ninayoyachukua Unguja. Seti moja ninaiuza 35,000 na mpaka kuifunga inanigharimu 14,000. Sabuni huisha. Mteja aliyeipenda anarudi baada ya wiki tano au sita, na safari hiyo sikulipia tangazo lolote kumpata. Kwa hiyo bodaboda ya oda ya kwanza siihesabu kama gharama ya oda hiyo tu, ninaihesabu kama gharama ya kumpata mtu atakayeninunulia mara nne au tano kwa mwaka. Kikapu cha milulu kikitunzwa vizuri kinakaa miaka mingi. Dada hawezi kutegemea kwamba mteja yuleyule atarudi mwezi ujao, na hilo peke yake linabadilisha jibu la swali lake.

Ya pili ni kwamba siku hizi simtumi bodaboda kwa kila oda. Nilipoanza nilikuwa ninafanya hivyo na niliona moto. Mteja wa Kimara ananunua saa tatu asubuhi, ninamwita bodaboda. Saa sita mwingine wa Kimara ananunua, ninamwita tena. Sasa nina siku na njia. Jumanne ni Mbagala, Temeke na Kigamboni. Alhamisi ni barabara ya Morogoro, kuanzia Magomeni mpaka Mbezi. Jumamosi ni Mwenge, Tegeta hadi Bunju. Nina kijana mmoja mwenye pikipiki ninayemlipa 30,000 kwa siku, na kwa siku hubeba mizigo 12 hadi 15, kwa hiyo mzigo mmoja unaniangukia kati ya 2,000 na 2,500. Anayetaka leo leo analipia mwenyewe, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu nimemweleza kwamba bure ina siku yake.

Njia hii imenitibia pia ule ugonjwa wa mizigo kurudi. Jioni ya kuamkia siku ya njia ninampigia kila mteja, nikisikia sauti inasitasita ninamwahirisha mpaka wiki inayofuata. Na kwa mteja mpya ninaomba atangulize 5,000, ambayo inakatwa kwenye bei yake. Mtu aliyetanguliza fedha hupokea simu.

Dada, mizigo yako 20 kwa wiki haitoshi kumlipa mtu wa siku tatu, lakini inatosha kwa siku mbili. Anza na siku mbili.

Muuza viatu vya watoto, Nairobi

Habari zenu kutoka upande huu. Ningependa kuongeza wazo moja tu, kwa kuwa mengi yameshasemwa vyema.

Hapa Nairobi nimewapa wateja wangu njia tatu, na zote zimeandikwa kando ya bei ya kiatu. Njia ya kwanza ni kujichukulia katikati ya jiji, kwenye kibanda cha rafiki yangu anayeuza vifaa vya simu, na hiyo ni bure. Njia ya pili ni kuchukua kwa wakala wa mtaani kwake, na hiyo hulipiwa kidogo. Njia ya tatu ni kufikishiwa mlangoni na mhudumu wa bodaboda, ambayo hulipiwa bei kamili. Nilishangaa kuona kwamba wengi wa wateja wangu huchagua ile ya kwanza, kwa sababu kila siku wanapita mjini wakienda kazini au wakibadilisha matatu. Kwa hiyo neno "bure" lipo kwenye ukurasa wangu na ni la kweli, nami gharama yangu ni kubeba mifuko miwili asubuhi na kumlipa rafiki yangu ada ndogo ya kutunza mizigo.

Dada wa Tabata, bila shaka una mtu unayemwamini Kariakoo au Posta ambako maelfu ya watu hupita kila siku. Nilikuwa na hofu kwamba mteja ataona ninamsumbua nikimwambia aje mwenyewe. Wengine walifurahi, kwa sababu kiatu cha mtoto wanapenda kukishika na kukipima kwanza, na nadhani kikapu nacho ni vivyo hivyo.

Kuhusu kodi, alilolisema mhasibu lina uzito hata kwetu. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara ndogo nchini Kenya ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, hulipwa kila mwezi, na haikuulizi umemlipa nani kusafirisha. Ndiyo sababu nami sikuiingiza nauli ndani ya bei ya kiatu.

Muuza vitenge, Lyon

Ninaandika kutoka Ufaransa, ambako ninauza vitenge kwa njia ya mtandao, na nitakuwa mfupi. Ninataka tu kumtoa dada hisia ya kwamba ameshindwa.

Hapa bei ya kitabu kipya imepangwa kwa sheria tangu mwaka 1981. Kitabu kina bei moja nchi nzima, na punguzo la juu kabisa ni asilimia 5, kwa hiyo duka kubwa haliwezi kulishinda duka dogo kwa bei. Lilibaki eneo moja tu la kushindana, nalo ni usafirishaji. Makampuni makubwa ya mtandaoni yakawa yanapeleka vitabu bure, na maduka madogo ya vitabu, ambayo hulipa posta bei kamili, hayakuweza kuwafuata. Mwaka 2014 Bunge likatunga sheria ya kuzuia vitabu kupelekwa bure, na wakubwa wakaitikia kwa kutoza senti 1 ya euro. Ilibidi itungwe sheria nyingine, na tangu Oktoba 2023 oda ya vitabu iliyo chini ya euro 35 lazima itozwe angalau euro 3 za usafirishaji.

Ninalieleza hili kwa sababu nchi tajiri yenye posta inayofika kila kijiji imelazimika kutumia sheria kuwalinda wauza vitabu wake dhidi ya neno "bure". Kwa hiyo ukiona unapata taabu kushindana nalo ukiwa na chumba kimoja Tabata, usidhani kosa ni la akili yako. Kwenye duka langu mimi ninapeleka bure kwa oda ya doti tatu na kuendelea, na chini ya hapo mteja analipia. Nimepoteza wateja, lakini bado nipo.

Muuza vikapu, Tabata

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati; sikutegemea kwamba watu wangekaa kuniandikia kwa urefu namna hii. Nimesoma mara tatu, na jana usiku nilitoa vikapu vyote stoo nikajaribu alichosema ndugu wa Mwanza. Kidogo kinaingia ndani ya cha kati mpaka mikono yake inalala, na cha kati kinaingia ndani ya kikubwa bila kukunjika. Ukivifunga kwa kamba unapata mzigo mmoja, na ukiutazama kwa mbali ni kama kikapu kikubwa peke yake. Nimeuza vikapu miaka miwili na sikuwahi kufikiri kuviuza hivyo.

Kwa hiyo nimeamua niuze seti. Kikubwa 40,000, cha kati 30,000, kidogo 20,000, seti nzima 90,000 bila kupunguza hata shilingi, na seti inapelekwa bure ndani ya Dar es Salaam kwa siku za njia, Jumatano na Jumamosi. Nimekokotoa: vikapu vitatu vinanigharimu 51,000, kufunga 2,000 kwa sababu ni mfuko mmoja mkubwa, tangazo 2,000, na hata nikimlipa bodaboda 6,000 ninabaki na 29,000. Oda nyingine ya kuanzia 60,000 nayo itapelekwa bure kwa siku hizohizo. Anayetaka kikapu kimoja atajilipia, na bei za maeneo yote nimeshaziandika kwenye picha, nitaipandisha leo jioni. Binamu yangu ana fremu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na amekubali kunitunzia mizigo ya wanaotaka kujichukulia.

Kwa wateja wa mikoani bado sijathubutu kuandika neno bure. Nitaanza kwa kuwatumia seti kwa bei ya mzigo mmoja na kuwaeleza wazi kwamba ofisi ya basi itatoza kiasi gani. Ndugu wa Mwanza, naomba unisaidie jambo moja zaidi ukipata nafasi: kikapu kikisafiri usiku kucha kwenye buti chini ya mizigo mingine, huwa kinafika kikiwa na umbo lake, au nijaze magazeti ndani ya kile kidogo kabla ya kufunga?